Mashahidi, Mmesikia?

Garissa
26 Februari 1996

Kwa abayo Ugbad, dada yangu,

Asalaam aleikum. Idd imepita bila salamu zako, nikajua kosa si lako, ni la barabara. Barua hii nampa Mowlid, dereva wa lori la mbuzi, mtu anayekosea kila kitu maishani isipokuwa njia ya Buna.

Mimi mzima. Nataka unisaidie jambo, na usinicheke. Shuleni nimepewa kazi ya kuandaa mchezo wa siku ya wazazi, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu mgeni kuliko wote na mgeni hakatai. Mwalimu mkuu alinitolea kabatini tamthilia ya Wagiriki wa kale iliyotafsiriwa, pembeni imetafunwa na panya. Miji miwili inapigania chemchemi. Watu wanauana weee, mpaka wafalme wanachoka, wanapatana kwamba mmoja amtoe binti yake aolewe upande wa pili ili damu ifutike. Wazee wanaimba sifa za amani kurasa nzima nzima. Sasa mtafute huyo binti mle ndani. Anaingia amefunikwa gubigubi, anavuka jukwaa, anatoka. Hana neno hata moja. Hata jina hakupewa! Nilikasirika nikacheka peke yangu. Hii si godobreeb yetu, msichana wa kufutia damu? Wagiriki wamekosa ngamia tu.

Wasichana wangu ndio wanaocheza wazee. Tumewatengenezea ndevu za sufu ya kondoo, tukazipaka hina. Wakishika bakora wanafanana na kaka Bishar hasa, na sijui itakuwaje, maana Bishar ndiye mwenyekiti wa wazazi na atakaa kiti cha mbele.

Nimeamua kumpa yule binti maneno. Lakini kila nikiandika, yanatoka ya kitabuni. Wewe ulipita hapo. Mimi nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni nyama. Nyumbani wamesimulia siku zote kwamba sheikh alipotuma mashahidi wakuulize kama umekubali, ulinyamaza, na kimya cha mwali ndiyo idhini yake. Ndiyo sifa uliyotuachia: Ugbad mwenye adabu. Hebu niambie, abayo, wakati ule umenyamaza, moyoni ulikuwa ukisema nini?

Mdogo wako,
Raho

*

Buna
9 Machi 1996

Raho,

Waaleikum salaam. Nakujibu kwa Kiswahili cha shule kama kawaida yetu, kwa kuwa Kisomali hakuna aliyetufundisha kukiandika, na mume wangu Jama Kiswahili chake ni cha kuuzia ngamia, kusoma hajui. Leo nashukuru hajui.

Nani alikwambia nilinyamaza?

Nimeisoma barua yako, nikaiweka chini, nikaenda kukamua, nikarudi, hasira nikaikuta palepale nilipoiacha. Eti moyoni! Nilisema kwa mdomo, Raho. Mashahidi wawili walisimama nje ya mikeka ya kibanda cha mwali. Mmoja akauliza, "Ugbad binti Dagane, umekubali?" Nikasema sitaki. Nikasema tena, sitaki. La tatu halikutoka, kwa sababu edo Hawo, dada yake baba, alikuwa amekwisha kuniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka samli, na huku anawaambia walio nje, "Mwali amenyamaza." Wakasema alhamdulillah, wakaenda kula. Mpaka leo sijui kama hawakusikia au walijifanya viziwi. Nilimng'ata edo mpaka nikaonja damu, na alama ile amezikwa nayo. Hiyo ndiyo adabu yangu mliyoisifu miaka yote.

Na lilikuwa kosa la nani? Bishar ndiye aliyemchoma mtu mkuki kwa ugomvi wa zamu ya kunywesha kisimani. Mimi nilikuwa darasa la saba, nasubiri mtihani. Yeye akabaki na roho yake, na mifugo yake, na sasa na ndevu zake. Mimi nikaolewa na mdogo wake marehemu. Jama si mtu mbaya, sitakudanganya, lakini mwaka ule wa kwanza kila akinitazama alikuwa anamwona nduguye kaburini. Na mama yake alinipa maji mwisho, baada ya mbuzi.

Usiniweke katika mchezo wako. Sitaki Bishar aketi kiti cha mbele, aletewe soda, kisha anipigie makofi.

Ugbad

*

Garissa
17 Machi 1996

Abayo,

Barua yako nimeisomea chooni, mahali pekee walimu tunapopata komeo. Nilitoka macho mekundu, mwalimu mkuu akaniuliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo.

Nimelelewa kwa uongo, Ugbad! Kila nilipofungua kinywa changu nikiwa mtoto niliambiwa, naa Raho, mtazame dada yako, yeye alinyamaza. Nilipotaka kwenda chuo cha ualimu, Bishar alinitolea mfano wako huohuo barazani mbele ya watu. Kumbe walikuziba mdomo, kisha hicho kiganja wakakihamishia kwangu. Edo Hawo, Mungu amrehemu, na mimi leo siwezi kumrehemu.

Mchezo nimeuvunja nikaujenga upya. Yule binti sasa hayuko peke yake chini ya ushungi, yuko na shangazi yake, na kiganja cha shangazi kinaonekana na watu wote. Jina lako sikuliandika, na hakuna Buna wala Garissa, ni Wagiriki na chemchemi yao. Binti anajinasua, anasema maneno haya:

"Enyi wazee wa miji miwili, mliopanda chuki kama mtama mkaja kuvuna katika mwili wangu, je, chemchemi hii itazima kiu yenu, au mtakunywa na machozi ya mama yangu?"

Yanaendelea hivyo ukurasa mzima. Ukisema nifute, nitafuta, tutacheza ngonjera ya usafi wa mazingira, Bishar ale mandazi yake kwa amani. Jibu kabla ya tarehe thelathini.

Raho

*

Buna
24 Machi 1996

Raho,

Cheza. Sababu utaiona huko chini.

Kwanza hayo maneno yako, marefu mno. Mtu ambaye kiganja kinamjia mdomoni hana nafasi ya mtama na mavuno. Mwache aseme hivi tu: "Sitaki. Mashahidi, mmesikia?" Basi. Miaka yote hii nikikoka moto nimekuwa nikijilaumu kwa hilo, kwamba nilisema sitaki lakini sikuwauliza. Angalau wangelazimika kunidanganya mbele za Mungu.

Sasa sikiliza. Mtoto wa nduguye Jama amempiga mtu risasi kisimani. Siku hizi si mkuki tena, bunduki zimejaa kila boma tangu ng'ambo ya mpaka kuharibike. Yule mtu amekufa. Wazee wamekaa, ngamia wamekubaliwa, na juu ya ngamia ametakiwa msichana. Nyumba ya muuaji haina msichana. Wamekuja kwetu.

Ni Ilhan wangu. Ana miaka kumi na minne, yuko darasa la nane, anasoma hata karatasi iliyofungiwa sukari. Nikahi ni baada ya Idd ya kuchinja.

Jama alikuja kuniambia huku anatazama nguzo. Nikamuuliza, "Wewe ulipewa mimi. Nduguyo alifufuka?" Akatoka nje. Hajarudi kula.

Na desturi inataka mjomba wa mtoto aje abariki. Wamempelekea habari Bishar huko Garissa. Amekubali, Raho! Ametuma jibu kwamba ni heshima kwake.

Naishia hapa, Mowlid anangoja.

Ugbad

*

Garissa
1 Aprili 1996

Kwa dada yangu Raho Dagane,

Salaam. Nakuandikia badala ya kuja, kwa sababu nikija nitapaza sauti na majirani wako watasikia.

Jumamosi nilikaa kiti cha mbele, kati ya Bwana DO, mkuu wa tarafa, na mwalimu mkuu wako. Niliwaona watoto wa watu wamevaa ndevu za hina, na wazazi wakawa wanageuka kunitazama mimi. Hilo nilivumilia. Kisha ukaleta yule mwali na kiganja mdomoni. Alijinasua, akashuka jukwaani mpaka kwenye viti vyetu, akasimama mbele yangu, mimi, akasema, "Sitaki. Mashahidi, mmesikia?" Mzee mmoja nyuma akapiga kelele, "Mwalimu, hii mchezo gani? Nani nafundisha watoto maneno hii?" Ndipo mama mmoja, simjui ni mke wa nani, akasimama akamjibu, "Tumesikia!" Wanawake wote wakadakia, tumesikia, tumesikia, kama wako soko la mbuzi. Bwana DO akacheka akapiga makofi. Alidhani ni sehemu ya mchezo.

Najua ulikuwa unamsema nani. Unadhani mimi nimesahau kwa nini niko hai? Kila Idd namtumia Ugbad nguo na sukari, na kila nikimtumia nasema, kimya cha yule msichana kilizuia makaburi. Alinyamaza, na watu wakaoana na kunywesha pamoja miaka mingi. Wewe amani unaisoma vitabuni. Hujawahi kumtoa mtu kisimani akiwa maiti.

Baada ya Idd nasafiri kaskazini kwa shughuli ya upatanisho wa koo. Nikirudi nataka nikute umemwomba radhi mwalimu mkuu na kamati ya wazazi.

Kaka yako,
Bishar Dagane

*

Garissa
3 Aprili 1996

Abayo,

Haraka, Mowlid anapiga honi.

Bishar ameniandikia. Jina la Ilhan hakulitaja hata mara moja. Ameandika "shughuli ya upatanisho wa koo". Hajui kama najua, na mimi sikumjibu, maana ningemjibu ningeichana karatasi kwa kalamu.

Mpakie mtoto kwenye lori kabla ya Idd. Nimekwisha kumtafutia nafasi ya darasa la nane karibu na hapa, nami nina kitanda. Kamati imenipa onyo, kazi bado ninayo. Mpakie, Ugbad, usingoje.

Raho

*

Buna
4 Mei 1996

Raho,

Anayekupa barua hii ni Ilhan mwenyewe. Mpe maji kwanza, usome baadaye.

Uliniambia nimpakie mapema. Nilikataa, na Mowlid alirudi kwako mikono mitupu, najua ulinichukia. Lakini hebu fikiri. Angetoroka, baba yake angemwoza akiwa hayupo, wangesema kimya chake kimetosha, na ndoa ingemfuata mpaka kitandani kwako. Ilibidi aseme kwanza, hapa, na wasikie.

Siku ya nikahi walimleta Sheikh Abdilatif kutoka Kutulo, mzee asiyecheza na vitabu vyake. Watu walijaa. Wifi yangu Sahara alikaa karibu na mtoto, nikamwona anajifuta mkono, nikajua ule mkono unaandaliwa kazi gani. Nikamkalia. Nasema kweli, nilimkalia mapajani, nilivyo mnene sasa, akawa anapiga kelele chini yangu, "Uuu, ananiua!" Mashahidi wakafika, wakauliza. Ilhan hakujibu kutoka ndani. Aliinuka, akatoka nje kwenye jua mbele ya wanaume wote, akasema, "Sheikh, sitaki. Mashahidi, mmesikia?" Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilifika. Shahidi wa kwanza akainama kutazama viatu vyake. Wa pili, kijana tu, akasema, "Nimesikia." Sheikh akasema yeye hafungi ndoa hiyo, na akaomba punda wake.

Bishar akasimama, anatetemeka ndevu. "Mtoto huyu amefundishwa!" Nikatoka na mimi. Sijawahi kusema mbele ya wanaume wengi vile. Nikamwambia, "Ndiyo, amefundishwa, na mimi ndiye niliyemfundisha. Na siku ile niliposema sitaki bila kufundishwa na mtu, kwa ajili ya mkuki wako, wewe ulikuwa wapi?"

Unajua alinijibu nini? Alinisogelea, akasema polepole, mimi na yeye tu tukasikia, "Nilikuwa nyuma ya mikeka. Nilikusikia."

Bora angenipiga. Alinisikia, Raho. Miaka yote hii ananitumia sukari na alinisikia.

Wazee wameondoka wamenuna, hakuna aliyemaliza nyama.  Jama aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa ya safari, akampa Mowlid bila kumtazama mtoto. Sijui nimwelewe vipi. Leo sina nguvu ya kumwelewa mtu.

Mtazame Ilhan akila. Akikasirika huwa hali.

Ugbad

*

Garissa
16 Mei 1996

Kwa Bishar Dagane,

Barua yako nimeipata. Unasema nimrudishe msichana, kwamba sheikh mwingine amepatikana, na kwamba Ugbad mwenyewe, baada ya kutulia, amekubali.

Amekubali kwa mdomo gani, Bishar? Na kiganja cha nani kilikuwa juu yake alipokubali? Mara ya kwanza mlituambia hivyohivyo, na ulikuwa nyuma ya mikeka unasikia kwa masikio yako. Ungetoka ukasema neno moja tu. Ulikuwa mwanamume mzima, una mkuki. Ulithubutu kumuua mtu kwa zamu ya maji, ukashindwa kuwaambia watu wawili kwamba dada yako hataki.

Unaniambia sijawahi kuutoa mwili wa mtu kisimani. Ni kweli. Na wewe hujawahi kuolewa na ndugu wa mtu uliyemuua. Tukigawana ujuzi, mimi nakuachia wako.

Ilhan humpati. Ukija na askari nitatoka nje na kumwuliza mtoto mbele yao, mbele ya jirani zangu, na hao majirani unaowaogopa ndio watakaokujibu. Kazi yangu mkiitaka ichukueni, andika barua nyingine kwa kamati, mwandiko wako ni mzuri.

Sina radhi ya kuomba kwa mtu.

Raho

*

Buna
28 Mei 1996

Raho,

Nina habari mbaya, kaa chini.

Juzi alfajiri ndugu wa yule aliyepigwa risasi walikuja kisimani kulipiza. Wamemuua mdogo wake Jama, na wamemuua Osob, jirani yangu, ambaye alitangulia kuteka maji kabla jua halijawa kali. Osob hakuwa na bunduki wala neno na mtu. Siku ya nikahi ndiye aliyekuja kunishika mkono wengine wote waliponikimbia. Nilimwosha mwenyewe. Ana watoto wadogo, sasa wako kwangu, wanalia kwa zamu.

Kila nyumba ninayoingia kutoa pole, mazungumzo yanakatika. Mama mkwe amesema wazi mbele ya wageni, "Damu hii ni ya Ilhan." Bishar yuko hapa, na yeye hakusema hapana.

Sitakudanganya kwamba sikujiuliza. Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Ningemtoa mtoto, Osob angekuwa hai? Labda. Labda mwaka huu, labda na mwaka ujao. Lakini mimi walinitoa, Raho, nilitolewa mzima mzima, na watu bado wanakufa kwenye kisima kilekile. Na kijana aliyefyatua ile risasi ya kwanza anajulikana. Jana amepita hapa bomani na bunduki begani, akapewa chai. Jina lake hakuna anayelitaja. Jina la mtoto wangu ndilo linalotajwa asubuhi na jioni, mtoto ambaye maishani mwake hajawahi kushika hata kisu cha kuchinjia.

Nina hasira, lakini nakaza moyo, kwa sababu kuna kazi. Bishar anaondoka kesho, anakuja huko. Anasema atamweleza Ilhan mwenyewe, kwa upole, ili aelewe na arudi kwa hiari. Namjua upole wake. Atakuwa kwako Ijumaa.

Barua hii itafika kabla yake, Mowlid ameniapia. Mtangulie. Usimfiche mtoto kitu. Mwambie Osob amekufa. Mwambie na ami yake amekufa, na kwamba watu wanasema ni kwa sababu yake. Mwambie mama yake ameosha maiti kwa mikono yake, na bado anasema ni uongo. Atalia, alimpenda sana Osob. Mwache alie, kaa naye.

Asubuhi mpeleke shule.

Ugbad